Dawa Chini ya Nyama

14 Januari 1996

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama haitakukuta mzima basi angalau ikukute umeketi. Sisi huku tunasukuma siku. Shule zimefunguliwa na mimi nimezama kwenye kushona sare mpaka naota vifungo. Cherehani imepata mkanda mpya. Paa la jikoni bado linavuja pale pale, ila tumeweka sufuria kubwa zaidi chini yake na tunayaita hayo matengenezo. Baba anakusalimia. Kwa kweli hajasema nikusalimie, lakini hata wewe hujawahi kusema nimsalimie, kwa hiyo mimi ndiye ninayewasalimianisha na sishukuriwi na yeyote.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Baba ana sukari. Alianza kukonda mwaka jana, tukasema ni umri. Kisha akawa anakunywa maji kama aliyelamba jiwe la chumvi. Juzi Baba, yule Mzee Shoka wa bucha unayemjua, aliyekuwa akibeba nusu ng'ombe begani huku akipiga mluzi, aliangusha kisu mbele ya wateja akasema hauoni vizuri mfupa. Vidonge walivyompa havikusaidia. Sasa wamempa sindano za insulini, chupa ndogo yenye dawa nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Mhudumu wa kliniki alinionyesha jinsi ya kuchoma huku foleni ikinung'unika mgongoni mwangu, na nilipouliza dawa inakaa wapi alisema tu, "Mahali pa baridi, mama, anayefuata!"

Wewe unapima sukari za watu kila siku huko maabara. Niambie mambo mawili. Kwanza, ugonjwa huu unafanya nini hasa ndani ya mtu? Nikiuelewa sitauogopa sana. Pili, dawa niiweke wapi? Friji ya ndani ilishakufa. Tuna friza ya bucha tu, ile ya mfuniko wa juu.

Najua hampatani. Sababu siijui. Kila nikimuuliza Baba, anachukua kisu anakinoa hata kama kimenolewa asubuhi. Lakini Mama yangu ameshaondoka duniani, na mzazi niliyebaki naye ni huyu mmoja. Tafadhali usichelewe kunijibu.

Mimi mdogo wako,
Fundi wa sare

*

20 Februari 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa, najua. Afya yangu ni nzuri. Huku tumehamishiwa chumba kipya cha maabara, kina dirisha moja linalotazama ukuta, na mkuu wetu anasema hivyo ndivyo tutakavyoacha kuzubaa. Nguo uliyonishonea bado inanikaa vizuri, ingawa mabega umeyaacha mapana kana kwamba na mimi ninabeba nusu ng'ombe.

Uliuliza ugonjwa unafanya nini. Nitakueleza kwa furaha.

Ukila kipande cha mkate, tumbo linakivunja mpaka kinakuwa sukari, na sukari inaingia kwenye damu. Damu ni barabara tu, na hakuna anayeshiba kwa kusimama barabarani. Wanaohitaji kula ni seli, vile vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo ndivyo nyama yetu na mafuta yetu. Lakini seli ya nyama haiachi sukari iingie hivi hivi. Milango yake ya sukari haiko ukutani, inakaa imehifadhiwa ndani. Kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, likiona sukari imepanda, linatoa insulini. Watu hudhani insulini inaibeba sukari. Haibebi kitu. Kazi yake ni kupiga hodi. Inafika ukutani, inabisha, na seli ikisikia inaitoa milango yake na kuipachika nje. Hapo sukari inapita. Insulini ikiondoka, milango inarudishwa ndani.

Kwa baba yako, hodi zimepigwa miaka mingi mpaka seli zimekuwa kama wenyeji waliochoshwa na wageni, wanasikia na wanakaa kimya. Kongosho likabisha kwa nguvu zaidi, nalo likachoka. Sasa sukari imejaa barabarani na seli zinakufa njaa. Ini halisikii habari yoyote, linadhani mwili hauna chakula, linamwaga sukari yake juu ya ile iliyopo. Figo zinaitoa kwenye mkojo, na sukari haitoki bila kuvuta maji, ndiyo maana ana kiu. Anakonda huku amezungukwa na chakula. Muuza nyama mzima! Hapo nilitabasamu, na sikuombi radhi.

Ubongo hauhitaji kupigiwa hodi. Huchukua sukari yake wenyewe. Kwa hiyo mwili wake ukiwa unaisha, yeye ataendelea kuelewa mambo kwa muda mrefu. Naona ni vizuri ulijue hilo.

Usinitarajie nilie. Mama yangu alikufa kwa sukari katika nyumba hiyo hiyo unayokaa, nikiwa bado mtoto, na mwaka haukuisha kabla baba yako hajamwoa mwanamke aliyekuwa akikaa kwenye kaunta ya bucha. Huyo ndiye aliyekuzaa wewe, na wewe sina ugomvi nawe hata kidogo. Wewe ndiye kitu kizuri pekee kilichotoka mle.

Kuhusu kuhifadhi dawa: iweke kwenye friza ya bucha, chini kabisa, chini ya nyama. Mwambie ni mimi niliyesema hivyo.

Dada yako

*

15 Machi 1996

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika imelowa upande mmoja, lakini maneno yote yalisomeka. Habari za huku: paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa, na sasa nashona nikisimamiwa na watoto wanne wasionilipa hata senti. Mvua imepungua. Sufuria ya jikoni imepata likizo.

Nilimsomea Baba barua yako, ila sehemu ya mama yako niliiruka. Nilipofika kwenye friza alinyanyua kichwa akasema nirudie. Nikarudia. Akasema, "Fanya anavyosema dada yako." Akaichukua chupa mwenyewe akaenda kuiweka, kwa mikono yake, chini ya mapaja yote.

Kila asubuhi anainua mfuniko, ananipa. Inakuwa imeganda jiwe, basi naibana kwapani mpaka iyeyuke, nachota, namchoma. Ananyoosha mkono kama mtoto mwenye adabu. Nilitegemea vita, maana unamjua, lakini hata kukunja uso hakunji.

Tatizo ni hili: hapati nafuu. Kliniki walimpima wakasema sukari imepanda kuliko kabla ya sindano, wakaniuliza kama ninamchoma kweli. Niliona aibu kama mwizi. Kwenye kidole cha mguu ana kidonda, aliangukiwa na mfupa, na hakitaki kufunga. Halafu dawa yenyewe imebadilika. Hata nikiizungusha mkononi, chembechembe nyeupe zinabaki zimeng'ang'ania kwenye kioo kama maziwa yaliyokatika. Je, ndivyo inavyokuwa?

Dada, nijibu upesi. Safari hii usinitanie.

Mdogo wako

*

2 Aprili 1996

Mdogo wangu,

Sikutanii. Barua hii usiiruke hata mstari. Msomee yote, kwa sauti, akiwa amekaa.

Insulini ni protini. Imekunjwa kwa namna yake, na ni umbo hilo ndilo seli inalolitambua. Ikiganda, umbo linaharibika, na likiharibika halirudi hata uipashe kwa upendo gani. Chembe ulizoziona ni mzoga wake. Unamchoma kitu kinachofika mlangoni bila mkono wa kubishia. Kama kongosho lake lisingekuwa bado linatoa kidogo, usingepata muda wa kuniandikia.

Mama yangu hakuwa na hicho kidogo. Yeye alikuwa na ile sukari ya vijana, kongosho lilikuwa limekufa kabisa. Kila hodi mwilini mwake ilitoka kwenye chupa. Alikuwa akiihifadhi dawa kwenye friji ya ndani, akiishi vizuri, akiimba jikoni, mpaka friji ilipoharibika. Hapo baba yako akasema, "Weka kwenye friza. Ng'ombe mzima haozi humo, itaoza chupa?" Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilimsikia kwa masikio yangu. Baada ya hapo Mama alikuwa akiiyeyusha kila asubuhi. Unajua wapi? Kwapani. Niliposoma kwamba na wewe unafanya hivyo ilibidi nitoke nje ya maabara nikasimame kwenye ule ukuta.

Seli zake zilipokosa sukari, mwili ukaanza kuchoma mafuta, na mafuta yakichomwa hivyo huacha asidi ndani ya damu. Alipumua kwa kasi kama anayekimbizwa, na pumzi yake ilinuka tunda lililoiva kupita kiasi. Nilidhani ananificha matunda. Nilipekua chini ya kitanda chake nikitafuta. Alikufa wiki ile ile.

Miaka ikapita, nikiwa chuoni, mwalimu akaandika ubaoni kwamba insulini haigandishwi. Wenzangu wakanakili. Mimi nilifunga daftari. Mtu ambaye maisha yake yote ni kujua baridi inafanya nini kwa nyama, leo aniambie hakujua? Na mke mpya alikuwa ameshakaa kaunta anasubiri? Tangu siku ile nimekuwa nikimsubiri. Sikujua atanijia kwa njia gani, lakini nilijua atakuja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Basi auonje.

Na sasa sharti langu. Aniandikie kwa mkono wake kwamba alijua. Neno hilo tu, alijua. Nikilipata nitakwambia namna ya kuitunza chupa mpya bila friji. Asipoandika, aendelee kula alichompikia mama yangu.

Dada yako

*

25 Aprili 1996

Dada,

Sikuamkii. Paka hajambo, ndiye pekee nitakayekupa habari zake.

Nilimsomea, akiwa amekaa, kama ulivyoagiza. Nilipomaliza nilimwambia, "Baba, dawa imekufa, dada ametuua!" Akasema, "Najua."

Nikamuuliza anajua nini. Akasema alijua tangu barua ya kwanza, pale niliposoma friza, chini kabisa. Ndiyo maana alinitaka nirudie. Alitaka kuwa na hakika kwamba unakusudia.

Nakuandikia alivyosema, sipunguzi na siongezi. Mama yako alipozikwa, zilibaki chupa kwenye friza. Akazipeleka kliniki ili apewe mgonjwa mwingine asiye na uwezo. Muuguzi akainua moja kwenye mwanga akauliza, "Nani aligandisha hii?" Akamweleza kwamba insulini ikiganda inakufa. Baba akarudi dukani, akafungua friza, akaitazama. Kesho yake akauza nyama. "Ningefanya nini?" aliniuliza mimi, eti mimi! Kuhusu Mama yangu, alisema alimwoa kwa sababu kulikuwa na mtoto wa kike ndani ya nyumba asiyetaka kula chakula kilichotoka mkononi mwake, akatafuta mkono mwingine. Mtoto huyo ni wewe.

Nikamwambia aandike basi, aandike lolote, tuokoe mguu. Nikamwekea karatasi na kalamu. Akasema, "Nikiandika nilijua, nitakuwa nimesema uongo juu ya maiti. Nikiandika sikujua, atasema naomba huruma. Nimenyamaza tangu akiwa mdogo, sasa amenihukumu, siwezi kunyanyuka leo nikasema ngoja nijieleze. Kesho niletee sindano." Akanyoosha mkono. Kwa kuniudhi tu, nadhani, maana chupa nilikuwa nimeshaivunja sakafuni.

Sasa nisikilize na mimi. Ulitaka kumlipa, ungekuja na mkono wako. Ulichukua wangu. Kila asubuhi mimi ndiye niliyechota, mimi ndiye niliyesema "pole Baba, inauma kidogo." Uliandika huna ugomvi nami, na katika barua ile ile ukanifanya mchinjaji. Wewe unasema alimgandishia mama yako kwa makusudi na huna ushahidi. Mimi ninao wa kwako, umeuandika mwenyewe na kuutia tarehe.

Namna ya kuitunza chupa usijisumbue kuniandikia. Niliuliza kliniki. Kumbe siku ile ningeuliza mara ya pili tu wangenijibu.

Kuhusu hali yake leo, sikuandikii. Ukitaka kujua kama baba yako yuko hai, panda basi.

*

6 Mei 1996

Baba,

Sijawahi kukuandikia. Na shikamoo bado sijakupa. Sijui kama huyo binti yako anamsomea mtu au anasomea kitanda kitupu. Nimemwandikia mara mbili tangu barua yake, hajibu. Kila mlango wa maabara ukifunguliwa nadhani ni taarifa.

Umenidhulumu tena. Nilitaka uogope. Nilitaka ukae usiku na mchana ukijua kinachotokea ndani yako, kama mimi nilivyokaa, kisha unyanyue kalamu ulie. Wewe ukanyoosha mkono! Ulijua tangu mwanzo na ukanyamaza, ukaacha nijione mjanja. Nilikuwa na kitu kimoja tu changu katika maisha haya, hasira yangu, na umeinywa kama chai bila hata kukunja uso.

Muuguzi yule aliinua chupa kwenye mwanga, na hukuja kuniambia. Ningekuchukia mwaka, labda miwili. Ningekuwa mtoto anayemchukia baba yake aliyekosea, na watoto wa namna hiyo ni wengi, wanapona. Wewe ukaona heri uuze nyama.

Basi sikia. Hufi. Sijakuruhusu. Nimeomba uhamisho wa kuja hospitali ya huko, na mkuu wangu amekubali, nadhani kwa kuwa amechoka kuniona nikiukodolea macho ukuta. Ninakuja mwisho wa mwezi. Nitakuchoma mwenyewe, asubuhi na jioni, dawa nzima, kipimo kamili. Nitakupima kidoleni mpaka vidole vikose pa kutoboa. Sukari yako itakuwa nzuri kuliko ya askofu. Utaishi mpaka uchoke, na kila siku utaniangalia usoni.

Binti wa mke wako wa kwanza

*

19 Mei 1996

Dada,

Nimemsomea. Yupo.

Wamemkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Kimoja ni kile chenye kidonda, na cha pili walisema kimemfuata mwenzake. Dawa mpya ninaitunza kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, na nikiizungusha mkononi inakuwa nyeupe yote bila chembe. Sukari imeanza kushuka. Sikufanya hivyo kwa ajili yako.

Barua yako aliisikiliza yote. Kwenye askofu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mwambie aje. Lakini mkono huu hauna nyama tena, aanzie tumboni." Hilo tu. Kuhusu mwaka au miwili ambayo ungemchukia, aliniomba nirudie, nikarudia, akaangalia pembeni.

Mimi ninaondoka. Kuna shule mji mwingine wanahitaji fundi wa kukaa hapo hapo, wana chumba na dirisha kubwa. Cherehani nimeshaifunga kwenye gunia, na paka na wanawe nakwenda nao. Siku utakayoshuka wewe ndiyo nitakayopanda mimi, na tukikutana kituoni nakuomba usinisalimie. Bado sijui kama nitakusamehe. Nikijua nitakuandikia, na kwa jinsi ninavyojisikia leo, nunua miwani kwanza, maana utakuwa umezeeka.

Hutasumbuka naye. Anakula anachopewa, anameza vidonge, anaoga mwenyewe akiegemea kiti. Shida ni moja. Tangu siku niliyomsomea ile barua yako ndefu, kinywa kilichofungwa miaka yote kimefunguka, na hakifungi. Ukimshika mkono tu kutafuta pa kuchoma, anaanza habari za mama yako: alivyokuwa akiimba jikoni, aliimba nini, alikuwa amevaa nini, walichekea nini siku ile, na ya kesho yake. Haachi mpaka mchana. Mimi nilikuwa naweza kunyanyuka nikaenda kushona, kwa kuwa hakuwa mama yangu.

Mdogo wako